Kula chumvi nyingi si kuishi miaka mingi: hesabu ya munyu katika nyumba za Kilifi na Malindi

Kwa Kiswahili chetu, mtu aliyekula chumvi nyingi ni mzee wa kuheshimiwa. Ameishi miaka mingi, ameona mengi, na neno lake halipuuzwi barazani. Msemo ni mzuri na sitaki tuuache. Lakini ukiutoa barazani ukaupeleka jikoni, maana yake inageuka. Anayekula chumvi nyingi kila siku ndiye huenda asiufikie uzee huo, au aufikie akiwa amepooza upande mmoja, analishwa na kuvishwa na wanawe.

Kila mwaka tarehe 17 Mei, Siku ya Presha Duniani, tunaambiwa tupunguze chumvi. Tunaitikia, kisha tunarudi nyumbani na kupika kama jana. Sidhani ni ukaidi. Tatizo ni kwamba "punguza" si kipimo. Mama anayepika sufuria ya watu wanane hawezi kupunguza kitu asichojua kimezidi kiasi gani. Kwa hivyo leo, ndugu msomaji, nataka tufanye hesabu. Bila kutia chumvi, ni hesabu ya darasa la nne, na kila nyumba kuanzia Mtwapa hadi Marereni inaweza kuifanya.

Kikomo ni kijiko kimoja

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu. Ndani ya gramu hizo 5 mna gramu 2 za sodiamu, nayo sodiamu ndiyo inayopandisha presha. Watoto wanatakiwa wale chini ya hapo, kwa kadiri miili yao inavyohitaji chakula kidogo kuliko yetu.

Watu wengi wanateleza hapa. Kijiko hicho si cha kunyunyiza mezani pekee. Ni cha siku nzima, kutoka kila mahali: mkate wa asubuhi, mbaazi, mchuzi wa mchana, achari, na mhogo wa jioni uliopakwa pilipili na chumvi kando ya barabara.

Dunia imeupita mpaka huo kwa mbali. Ripoti ya WHO ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba mtu mzima hula wastani wa gramu 10.8 za chumvi kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Shirika hilo linahusisha sodiamu iliyozidi na vifo takriban milioni 1.89 kila mwaka. Nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2013 kwamba kufikia 2025 ulaji wa chumvi uwe umepungua kwa asilimia 30. Ripoti hiyo ya 2023 ilisema wazi kwamba dunia haiko kwenye njia ya kulifikia lengo.

Na Kenya je? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliowahusu watu wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani. Miongoni mwa waliokutwa nayo, takriban 16 tu kati ya kila 100 ndio waliokuwa wakijua. Takriban robo ya waliohojiwa walisema huongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kupikwa, tena mara nyingi au kila mara.

Zisome takwimu hizo pamoja. Ugonjwa usiouma, watu wasiopimwa, na mkono uliozoea kuongeza chumvi. Ndiyo maana huku kwetu presha mara nyingi hujulikana siku ya kiharusi, na siku hiyo tayari shamba linatafutiwa mnunuzi ili mgonjwa alipiwe.

Hesabu ya pakiti

Sasa tuje nyumbani. Chukua pakiti mpya ya chumvi na uiandikie kwa kalamu tarehe uliyoifungua. Hesabu watu wanaokula nyumbani mwako. Zidisha idadi yao kwa 5. Hizo ndizo gramu ambazo nyumba nzima haifai kuzipita kwa siku. Kisha gawanya gramu za pakiti kwa jibu hilo, utapata siku ambazo pakiti inatakiwa idumu.

Mfano: nyumba ya watu sita. Sita mara 5 ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo, yaani gramu 500, inatakiwa idumu siku 16 na ushei. Pakiti ya kilo moja idumu zaidi ya mwezi, siku 33. Nyumba ya watu wanne, nusu kilo ifike siku 25. Nyumba ya watu wanane, siku 12 na nusu.

Kama watu sita wanamaliza nusu kilo kwa siku 10, kila mmoja anakula zaidi ya gramu 8. Wakiimaliza kwa siku nane, wamefika gramu 10 na zaidi, sawa na wastani wa dunia ambao WHO wanaulalamikia. Na hapo hatujahesabu chumvi ya mkate wa dukani, ya ng'onda, wala ya chipsi za kibandani.

Najua pingamizi litakalokuja. Kuna chumvi ya kuoshea samaki, kuna inayomwagwa na maji ya kuchemshia, kuna wageni. Ni kweli, toa kidogo kwa ajili hiyo. Lakini pia kuna chakula tunachokula nje ambacho pakiti ya nyumbani haikioni, na watoto waliohesabiwa kama watu wazima. Hesabu hii si ya maabara. Kazi yake ni kukuonyesha kama uko karibu na mpaka au umeuacha nyuma kabisa, na kwa kazi hiyo inatosha.

Chumvi yetu iko mkononi mwetu

Ushauri mwingi wa chumvi tunaousikia umetungwa kwa watu wa mbali. Marekani, takriban asilimia 70 ya sodiamu hutoka kwenye vyakula vya viwandani na vya mikahawani. Wao wanaambiwa wasome lebo, na kwao ni sawa. Kwetu sehemu kubwa ya chumvi hutiwa na mkono wa mpishi, nyumbani au mtaani. Hilo ni tatizo na pia ni bahati. Ni tatizo kwa sababu hakuna kiwanda kimoja cha kukiandikia sheria kikatatua yote. Ni bahati kwa sababu anayeamua tunamjua, naye yuko jikoni.

Hebu tupite kwenye vyakula vyenyewe. Ng'onda na papa mkavu hutiwa chumvi ili wasioze, hiyo ni kazi halali ya chumvi tangu kabla ya friji. Mpishi mzuri huwaloweka, akamwaga maji, akawaloweka tena. Maji yale yanaondoka na chumvi nyingi. Kosa huja baadaye, pale samaki anapotiwa kwenye tui na mchuzi ukaongezwa chumvi kana kwamba samaki ni mbichi. Papa aliyelowekwa vizuri bado ana chumvi ya kukolea mchuzi wote.

Achari ya ndimu au ya embe nayo haifanyiki bila chumvi. Kijiko kidogo pembeni mwa wali si neno. Kula achari kama mboga ndiko kunakomaliza kikomo cha siku kabla ya magharibi. Embe bichi la pilipili na chumvi wanalonunua watoto wakitoka shule, kachri, viazi karai, mishikaki: kila kimoja peke yake ni kidogo, vikikutana katika jioni moja ni vingi.

Kisha kuna wageni wapya. Mkate wa slesi umechukua nafasi ya mhogo na viazi vitamu katika nyumba nyingi asubuhi. Mkate hauna ladha ya chumvi lakini chumvi imo. Mchuzi mix na vile vipande vya supu vya mraba vimeingia hata kwenye mbaazi za nazi, chakula ambacho hakikuwahi kuvihitaji. Soma orodha ya viungo vyake: chumvi huwa miongoni mwa vilivyotangulia. Mpishi anatia kipande, halafu anatia chumvi yake ya kawaida, na sufuria imepokea dozi mbili. Pakiti ikiandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi, karibu nusu ya kikomo chako.

Maji ya kisima

Kuna chumvi nyingine ambayo hata pakiti haiwezi kuihesabu. Kaskazini mwa Malindi, kutoka Ngomeni na Gongoni hadi Marereni na Kurawa, ndiko kunakotengenezwa sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa, jua na upepo vikayakausha, chumvi ikavunwa. Nchi nzima inakula munyu wa Magarini.

Wenyeji wa huko wana historia chungu na mashamba hayo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara mwaka 2005 na kutoa ripoti mwaka 2006. Katika malalamiko yaliyowasilishwa mlikuwa na kufukuzwa kwenye ardhi, kukatwa kwa mikoko, na visima vya maji baridi kugeuka vya chumvi. Yamejadiliwa sana kama suala la ardhi, na ni haki. Mimi nasema ni suala la presha pia. Mtu anayekunywa maji ya chumvi hawezi kuokolewa na ushauri wa kupunguza chumvi mezani.

Wenzetu wa Bangladesh wameshaliona hili. Katika eneo la Dacope, pwani ya nchi hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba wakati wa kiangazi wajawazito walikuwa wakipata kwenye maji ya kunywa pekee sodiamu inayopita kikomo cha siku. Kiangazi hicho pia ndicho kilichokuwa na wajawazito wengi zaidi wenye presha. Kwa hivyo serikali ya kaunti ikipeleka maji baridi ya mfereji Ngomeni, isihesabu hilo kuwa mradi wa maji tu. Ni dawa ya presha inayotoka kwenye bomba.

"Huku ni joto, jasho linatutoka"

Hili ndilo jibu ninalolisikia zaidi, hasa kwa wavuvi na wafanyakazi wa mashambani: mwili unapoteza chumvi kwa jasho, lazima irudishwe. Jasho lina chumvi, ndiyo. Lakini mwili uliozoea joto hujifunza kuibana, na jasho lake huwa na chumvi kidogo. Mfano ulio wazi ni Wayanomami wa msitu wa Amazon, watu wa nchi ya joto na kazi ngumu. Katika utafiti mkubwa wa INTERSALT wa mwaka 1988, uliofanyika katika vituo 52 vya nchi 32, Kenya ikiwemo, walionekana kula chini ya gramu moja ya chumvi kwa siku. Presha yao ilikuwa ya chini na haikupanda kwa umri. Mvuvi anayerudi pwani saa saba mchana anahitaji maji kwanza, na dafu likiwepo ni bora zaidi. Chumvi atakayoipata kwenye chakula chake humtosha.

Jibu la pili ni la heshima zaidi: wazee wetu walikula ng'onda na wakafika miaka 90. Nalikubali. Lakini walikula na nini? Mhogo, mchicha, kunde, ndizi na matunda, vyakula vyenye potasiamu, madini yanayousaidia mwili kuitoa sodiamu. Nao walilima na kutembea. Ukichukua ng'onda yao ukaacha mchicha wao na miguu yao, hujafuata mila, umefuata nusu yake.

Kenya yenyewe imetoa ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1929 daktari Donnison alichapisha vipimo vya watu 1,000 wa magharibi mwa nchi, na hakuona presha ikipanda kwa umri kama alivyozoea kuiona Ulaya. Miaka 60 baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi. Ndani ya miezi ya mwanzo tu, sodiamu katika mikojo yao iliongezeka ikilinganishwa na potasiamu, na presha yao ikawa juu kuliko ya wenzao waliobaki kijijini. Damu ni ile ile, kabila ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha, sahani ikiwemo. Leo si lazima mtu ahamie Nairobi. Sahani ya mjini imetufuata mpaka Kaloleni na Ganze.

Si chumvi peke yake

Kuwa mkweli kunanilazimu niseme pia kwamba si kila presha ya Kilifi imeletwa na chumvi. Watafiti wa hapa kwetu, katika kituo cha KEMRI-Wellcome kilichoanza mwaka 1989, wamejiuliza kama malaria ya utotoni huacha alama kwenye mishipa ya damu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2019 yanavutia. Watu waliorithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, ambayo huwakinga na malaria, walikuwa na presha ya chini kidogo kuliko wengine hapa Kilifi. Nairobi, ambako malaria ni haba, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hivyo chandarua cha mtoto huenda kikawa kinga ya presha ya utu uzima.

Watafiti hao pia waliwavisha watu wazima wa Kilifi mashine ya kupima presha kwa saa 24. Walionyesha kwamba kipimo cha mara moja hupotosha: wengine huonekana wagonjwa kwa sababu ya wasiwasi wa kupimwa, na wengine wagonjwa kweli hupita bila kuonekana. Funzo ni kupimwa tena na tena, si kuanza dawa wala kujiona mzima kwa namba moja.

Nini kifanyike

Kwa nyumba: hesabu ya pakiti, kisha punguza polepole. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa, na sisi Wapwani hatuna udhuru wa kukosa ladha. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili na tui vyote viko jikoni. Chupa ya chumvi iondoke mezani. Lakini chumvi inayobaki iwe yenye madini ya joto, yaani iliyotiwa ayodini. Usikimbilie chumvi ya mawe isiyotiwa kitu kwa kudhani ni ya asili na salama: sodiamu yake ni ile ile, na ukosefu wa ayodini huleta rovu na kudhuru akili ya mtoto tumboni.

Kuna pia chumvi iliyochanganywa na potasiamu. China, katika vijiji 600 na watu karibu 21,000, chumvi ya namna hiyo ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2021. Januari 2025 WHO ilishauri watu wazima waitumie badala ya chumvi ya kawaida, isipokuwa wenye maradhi ya figo, wajawazito na watoto. Mwenye figo mbovu asiiguse bila kumwuliza daktari.

Kwa serikali ya kitaifa: Afrika Kusini iliweka sheria mwaka 2013, ikaanza kutekelezwa 2016, na kufikia 2019 mkate haukuruhusiwa kuzidi miligramu 380 za sodiamu kwa gramu 100. Mlaji hakuombwa kufanya lolote. Nasi tunataka sheria ya namna hiyo kwa mkate na kwa vile viungo vya supu, maana hapo mkono wa mama haufiki.

Kwa kaunti: Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti zahanati na vituo vya afya. Kila zahanati iwe na mashine ya presha inayofanya kazi, na dawa za mwezi mzima. Mgonjwa anayepewa vidonge vya wiki moja kisha akaambiwa akanunue hataendelea, atakaa mpaka aanguke. Vidonge hivyo ni vya bei nafuu. Kitanda cha kiharusi si cha bei nafuu, na anayekihudumia kwa miaka huwa ni binti au mke aliyeacha kazi yake.

Magarini inailisha Kenya munyu. Haitupasi sisi, tunaokaa karibu na mabwawa hayo, kuwa wa mwisho kujua tunakula kiasi gani. Pakiti ikifunguliwa wiki hii, iandike tarehe. Itakapoisha, utakuwa na namba yako, na kuanzia hapo neno "punguza" litakuwa na maana.